Pima Hewa, Usipime Watu: Ushauri kwa Anayetaka Nyumba Janja Salgaa

Kifaa cha kwanza ambacho ningemshauri mkaazi wa Salgaa akinunue kwa ajili ya nyumba yake hakina kamera, hakisikilizi mazungumzo, hakili bando na hakijui jina la mtu yeyote. Ni kengele ya kaboni monoksaidi. Salgaa iko kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, mahali ambapo njia inapanda kuelekea Sachang'wan na Mau Summit, na baridi ya usiku ya Juni na Julai anaijua kila dereva aliyewahi kulala hapa ndani ya lori. Katika vyumba vya kupanga, watu humaliza kupika kwa makaa, wakaliingiza jiko ndani ili chumba kipate joto, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Mara kwa mara nchini Kenya tunasikia habari za familia iliyokutwa asubuhi haina uhai kwa sababu hiyo hiyo. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Hujishika kwenye damu mahali pa oksijeni, na anayeivuta huanza kwa kuumwa kichwa, kichefuchefu na usingizi mzito. Kwa kuwa ni usiku, anadhani ni uchovu wa siku, naye analala zaidi.

Kengele hiyo ichaguliwe kwa makini. Madukani utaonyeshwa kengele ya gesi ya kupikia na kuambiwa ni ile ile. Si ile ile. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inashuka sakafuni, kwa hiyo kengele yake hufungwa chini jikoni. Kaboni monoksaidi huchanganyika na hewa ya chumba kizima, na kengele yake hukaa chumba cha kulala, kwa urefu ambao maelezo ya mtengenezaji yanautaja, isifichwe nyuma ya pazia au kabati. Tafuta yenye maandishi EN 50291, ambacho ni kiwango cha Ulaya cha kengele za kaboni monoksaidi za nyumbani. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa maana kinachopima gesi mle ndani huchoka baada ya miaka kadhaa hata kama taa ya nje bado inawaka. Bonyeza kitufe cha majaribio kila mwezi. Na usikubali fundi akuundie kengele ya aina hii kwa vipuri vya bei rahisi vya kufanyia majaribio. Vipuri hivyo vinafaa kufundishia wanafunzi, havifai kulinda roho ya mtu aliyelala. Hata ukiwa na kengele bora kuliko zote, jiko linalowaka lisilale chumba kimoja na watu.

Nimeanza na kengele hiyo kwa sababu inaonyesha jinsi nyumba nzima inavyoweza kupangwa. Inapima hewa, haimpimi mtu. Inajua jambo moja, inamwambia papo hapo aliye ndani, basi. Haina mtu wa mbali inayempelekea habari. Nyumba inayojali afya na raha ya wakaazi wake inaweza kujengwa yote kwa mtindo huo, na nalisema hili nikijua kwamba matangazo mengi ya nyumba janja yanawaelekeza watu njia tofauti kabisa: kamera kwanza, kisha spika inayosikiliza, na afya, ikikumbukwa, mwisho.

Anza na maradhi na kero za nyumba yako mwenyewe, ndipo uende dukani. Nani ana pumu? Nani halali vizuri? Nani ameanguka usiku akienda chooni? Majibu ya maswali haya ndiyo orodha yako ya ununuzi.

Kwa wengi wa Salgaa kero ya kwanza ni hewa ya barabarani. Malori ya kutoka Mombasa kwenda Malaba na Busia hupanda hapa kwa gia nzito, moshi wa dizeli ukibaki nyuma, na vumbi la maegesho likiingia hadi kwenye sufuria. Vipo vihisi vidogo, yaani vijidude vya kupimia, vinavyosoma vumbi laini hewani, lile ambalo huingia ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linataka wastani wa vumbi hilo kwa saa 24 usizidi mikrogramu 15 katika mita moja ya ujazo wa hewa. Huhitaji grafu kwenye simu ili kulitumia hilo. Mwambie fundi akufungie taa ndogo ukutani, iwe ya kijani hewa ikiwa safi, ya njano ikianza kuchafuka, nyekundu ikizidi. Mtoto wa darasa la pili ataielewa: taa ikiwa nyekundu, funga dirisha la upande wa barabara, fungua la nyuma. Feni ya kutoa moshi jikoni inaweza kuwashwa na kihisi hicho hicho pasipo mtu kugusa swichi.

Unyevu nao upimwe, hasa mvua za Machi hadi Mei. Chumba kikikaa kati ya asilimia 40 na 60 ya unyevu watu wengi hustarehe. Kikizidi hapo kwa wiki nyingi, ukungu mweusi huanza nyuma ya kabati, mahali ambapo jicho halifiki, na mwenye pumu ndiye huwa wa kwanza kuusikia kifuani. Kipimajoto chenye kusoma unyevu ni kifaa cha bei nafuu na hakitaki intaneti. Kuhusu joto, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2018 kwamba katika sehemu za baridi ndani ya nyumba pasishuke chini ya nyuzi 18. Ukiona chumba chako kinashuka hadi 13 alfajiri, usikimbilie hita ya umeme inayomaliza tokeni. Weka dari chini ya mabati kwanza, ziba nyufa za mlango, ndipo ufikirie vifaa. Ila usizibe kila tundu: chumba lazima kipumue.

Kelele usiku ni afya pia. Kwa sauti ya magari, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa Ulaya wa mwaka 2018 unapendekeza wastani wa usiku, unaopimwa nje ya ukuta wa nyumba, uwe chini ya desibeli 45. Kando ya barabara ya Salgaa hilo ni gumu, lakini kihisi cha sauti kitakuonyesha ni chumba gani kilicho kimya zaidi, na kitanda cha mgonjwa au mtoto kihamishiwe huko. Mwulize muuzaji waziwazi: hiki kinapima ukubwa wa sauti tu, au kinarekodi? Kupima ukubwa wa sauti hakuhitaji kuhifadhi hata neno moja la wenye nyumba.

Swali hilo la kinachohifadhiwa na kinakopelekwa ndilo wengi hatuliulizi, ingawa nyumba zetu zimeshaanza kuzungumza na watu wa mbali. Kuanzia mwaka 2012 M-KOPA iliuza mitambo ya sola kwa malipo ya kidogo kidogo kwa M-Pesa, na ndani ya mtambo mlikuwa na laini ya simu. Ukikosa kulipa, taa zilizimwa kutoka mbali. Mita za M-Gas hupima gesi unayotumia na kupeleka hesabu kwa kampuni. Sizilaumu huduma hizi. Zimewapa maelfu ya Wakenya mwanga na moto safi, jambo lililo jema kwa mapafu kuliko kibatari na kuni. Ninachosema ni kwamba kifaa kinaweza kuwa ukutani kwako na bado kikawa na mkubwa mwingine, na ni haki yako kumjua. Runinga je? Mwaka 2017 kampuni ya Vizio ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2.2 baada ya serikali kuishtaki kwamba runinga zake zilikuwa zikikusanya habari za vipindi ambavyo watu wanatazama sebuleni mwao bila idhini yao. Ukinunua runinga ya intaneti leo, ingia kwenye mipangilio siku ile ile na uzime ruhusa zote zinazohusu kufuatilia unachotazama na matangazo ya kukulenga. Itaendelea kuonyesha taarifa ya habari ya saa moja kama kawaida.

Sasa kamera. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nyumba nyingi zinapoharibikia.

Salgaa ni mji wa madereva. Baba yuko Malaba akisubiri foleni, mama na watoto wako nyumbani, na simu inaweza kumwonyesha baba sebule yake akiwa ndani ya kabini. Naielewa hamu hiyo ya kuwaona wako ukiwa mbali kwa siku nyingi. Lakini kamera ya sebuleni haimwonyeshi mtoto peke yake. Inamwonyesha mke akinyonyesha. Inamwonyesha jirani aliyekuja kutoa machozi yake kwa siri. Inamwonyesha dada wa kazi akibadilisha nguo, kwa sababu katika nyumba nyingi za vyumba viwili sebule hiyo hiyo ndiyo chumba chake cha kulala usiku. Na picha hizo mara nyingi hazikai ndani ya nyumba. Hupitia kwenye mitambo ya kampuni iliyo nchi nyingine, zikahifadhiwa huko kwa muda ambao hukuupanga wewe.

Yaliyotokea kwingine yatufunze mapema. Mei 2023, tume ya biashara ya Marekani iliishtaki Ring, kampuni ya kamera iliyo chini ya Amazon, ikisema wafanyakazi na wakandarasi wake waliweza kutazama video za faragha za wateja. Ring ilikubali kulipa dola milioni 5.8. Februari 2024, kampuni ya Wyze ilikiri kwamba wateja wapatao 13,000 walifungua simu zao wakaonyeshwa picha kutoka kamera za nyumba za watu wengine. Wenye nyumba hizo hawakuwa wamekosea lolote. Hitilafu ilikuwa kwenye mitambo ya mbali, na hapo nenosiri la mteja lisingeweza kusaidia.

Ushauri wangu ni huu, na sitaupunguza makali: kamera ikae nje, ikitazama lango lako, mlango wako na gari lako. Ndani, isiwepo. Itumie kadi ya kumbukumbu au kinasa kilicho ndani ya nyumba, picha zijifute baada ya siku chache. Kama una mtoto mchanga na huna budi kuweka moja ndani, mwambie dada kabla hajaanza kazi. Mwonyeshe ilipo, mwonyeshe inachokiona. Isielekee anapolala wala anapooga, sauti izimwe, na izimwe kabisa mzazi akiwa nyumbani. Anayekulelea mtoto ni mtu mzima mwenye staha yake, na akikataa kupigwa picha mahali anapolala, amekataa kwa haki.

Dereva anayetaka tu kujua kwamba nyumba ni salama anaweza kutumia kihisi cha mlango. Ni vipande viwili vidogo, kimoja chenye sumaku kwenye mlango, kingine kwenye fremu. Vikitengana, mlango umefunguliwa. Kiwekwe kilie usiku wa manane au wakati familia yote imesafiri. Hapo napo kuna jambo la kuangalia. Orodha ya saa ambazo mlango ulifunguliwa ni kitu ambacho mume mwenye wivu atakitumia kumhoji mkewe kwa simu: ulitoka saa ngapi, ulirudi na nani? Kifaa cha usalama kikigeuka kuwa hivyo, nyumba imepoteza raha ambayo vifaa vililetwa kuiongeza. Kwa hiyo mke na mume wote wawe na nenosiri, wakubaliane kengele inalia lini, na kumbukumbu za mlango zisihifadhiwe zaidi ya siku moja.

Wazee ndio watakaofaidika zaidi na nyumba ya aina hii. Wengi wa vijana wa Rongai, Molo na Njoro wanafanya kazi Nairobi au ng'ambo, na mama amebaki peke yake, na presha na magoti yaliyochoka. Watoto wanatuma pesa za kamera. Kabla ya kutuma, kaeni naye mzungumze, hata kwa simu.

"Mama, tungependa kujua umeamka salama kila asubuhi. Tuweke kijidude kwenye mlango wa jikoni?"

"Kitaniona nikivaa?"

"Hapana, Mama. Hakina jicho. Kinajua tu mlango umefunguka."

"Na wanakijiji watajua?"

"Ni sisi watoto wako tu. Na ukisema kitolewe, kitatolewa."

Mazungumzo kama hayo yana thamani kuliko kifaa chenyewe, kwa sababu yanamwachia mama mamlaka ya nyumba yake. Kisha mpango ni rahisi. Mama huenda jikoni kuchemsha chai kabla ya saa mbili asubuhi. Ikifika saa nne na mlango wa jikoni haujafunguliwa, ujumbe mmoja mfupi unatumwa kwa mwanawe na kwa jirani ambaye mama mwenyewe amemchagua. Siku zote nyingine hakuna kinachotumwa. Hakuna picha, hakuna ramani ya mwendo wake, hakuna hesabu ya mara ngapi ameamka usiku.

Na kabla hata ya hicho, mnunulieni taa mbili za sola zinazowaka mtu akipita, moja mlangoni na nyingine kwenye njia ya kwenda choo cha nje. Mzee akianguka gizani na kuvunjika nyonga, maisha yake hubadilika kabisa. Taa hizo hazitaki umeme wa Kenya Power, hazitaki intaneti, na hazina cha kumwambia mtu yeyote. Kwa shilingi chache hakuna kifaa kingine kinachofanya kazi kubwa hivyo.

Dawa zinahitaji uangalifu wa peke yake. Spika ya mezani ikitangaza kwa sauti saa tatu usiku kwamba wakati wa dawa umefika, na jirani ameketi hapo akinywa chai, siri ya mwenye nyumba imetoka. Katika mji wa barabarani kama Salgaa, ambako huduma za Ukimwi zimeletwa karibu na madereva na wenyeji kwa miaka mingi, watu wanajua gharama ya siri ya aina hiyo kutoka: kazi, ndoa, chumba cha kupanga. Tumia saa ya mkononi inayotetemeka, au kengele ya kawaida ya simu isiyo na jina la dawa. Usiingize majina ya dawa zako katika programu ambayo hujui ni ya nani. Mahakama Kuu ya Kenya ililipa jambo hili uzito unaostahili. Mwaka 2015 serikali iliagiza makamishna wa kaunti washiriki kukusanya orodha za watu wanaoishi na virusi, wakiwemo watoto wa shule. Shirika la KELIN na wenzake wakaenda kortini, na Desemba 2016 mahakama ikaamua kwamba agizo hilo lilikiuka Katiba, pamoja na haki ya faragha iliyo katika Ibara ya 31. Ikiwa serikali ilizuiwa kukusanya habari hizo, sioni kwa nini tumkabidhi mtengenezaji wa kisanduku cha vidonge bila kumuuliza swali.

Mwenye kisukari naye ana haja ya kifaa cha maana. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8, na ikiganda imeharibika. Weka kipimajoto chenye kengele ndani ya friji, kinachotumia betri, kilie joto likizidi au likishuka. Stima ikipotea, usifungue friji ovyo; ikiwa imefungwa, huhifadhi baridi kwa saa kadhaa. Chupa unayoitumia sasa inaweza kukaa nje ya friji kwa wiki nne hivi katika hali ya hewa kama ya Salgaa, lakini fuata karatasi iliyo ndani ya pakiti, maana aina hutofautiana.

Vifaa hivi vyote vinahitaji ubongo wa kuviunganisha, na ubongo huo ukae ndani ya nyumba. Ipo programu huria iitwayo Home Assistant, iliyoanzishwa mwaka 2013, ambayo hufanya kazi kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi au hata kwenye laptopu kuukuu. Kwa Salgaa napendelea laptopu kuukuu yenye betri inayoshika, kwa sababu stima ikikatika inaendelea. Nunua vihisi vya Zigbee, vinavyozungumza na kompyuta hiyo kwa redio yavyo vyenyewe, bila Wi-Fi. Betri yavyo moja ya duara mara nyingi hupita mwaka. Bando likiisha, feni bado inawaka, taa ya hewa bado inabadilika rangi, mlango bado unalindwa. Kwa kawaida Home Assistant huhifadhi kumbukumbu za siku 10. Mwambie fundi azipunguze ziwe za siku moja au mbili, isipokuwa vipimo ambavyo daktari wa pumu ameomba kuviona.

Ruta isibaki na nenosiri lililokuja nalo kwenye boksi. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka kamera na ruta nyingi mno duniani kwa kujaribu tu manenosiri ya kiwandani. Tengeneza mtandao wa pili kwenye ruta kwa ajili ya vifaa, simu na laptopu za familia zibaki kwenye wa kwanza. Na fundi asifungue njia ya kuingilia nyumba yako kutoka intaneti yote kwa sababu tu ni rahisi kwake.

Ukienda kununua, iwe mjini Nakuru au Luthuli Avenue kule Nairobi, fanya jaribio moja kabla ya kutoa pesa. Mwombe muuzaji awashe kifaa, kisha azime intaneti ya duka. Kikiendelea kufanya kazi yake, endelea kuzungumza bei. Kikifa, au kikidai kwanza nambari yako ya simu na ruhusa ya kuona picha na anwani zako zote ili tu kisome joto la chumba, kirudishe mezani.

Wapangaji wa ploti wana shida yao. Kamera si yao, ni ya mwenye ploti, nayo inatazama milango, kamba za nguo na njia ya bafu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haigusi mambo ya mtu binafsi ya ndani ya nyumba yake, lakini mwenye ploti anayerekodi wapangaji kwa biashara yake hayumo ndani ya kivuli hicho. Una haki ya kuelezwa picha zinatumiwa kwa nini, kuona zinazokuhusu, kupinga, na kutaka za uongo au za kupotosha zifutwe. Habari za afya yako zimewekwa katika kundi linalolindwa zaidi. Zungumza na mwenye ploti kwanza, kwa heshima, ukiwa na wapangaji wenzako. Wengi hawakufikiria tu kamera inaangalia wapi, na kuigeuza ni kazi ya bisibisi. Akikataa, lalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Sheria inaitaka imalize uchunguzi ndani ya siku 90, na ofisi hiyo imekwisha kuonyesha kwamba hufanya kazi: Septemba 2023 iliitoza shule moja ya Nairobi shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja shilingi milioni 1.85 kwa picha ya mteja. Ukihama, toa vifaa vyako vyote au uvirudishe katika hali ya kiwandani, usimwachie anayekuja baada yako historia ya nyumba yako.

Kwenu mafundi wa Salgaa, Rongai na Nakuru nina ombi moja. Mkimaliza kufunga mitambo, mkabidhini mwenye nyumba manenosiri yote yakiwa yameandikwa kwenye karatasi, mwangalieni akiyabadilisha, kisha mfute akaunti zenu kwenye simu zenu mbele yake. Nanyi wenye nyumba, msilipe salio la mwisho mpaka mmeliona hilo likifanyika.